Kwetu Tanga kila kitu kilikua marudio

Juzi jioni tumekaa barazani nyumbani Ngamiani, kahawa inazunguka, kashata zinaisha kimya kimya, mmoja akaanzisha mada kila mtu aseme tamthilia aliyoipenda kuliko zote na alianza kuiangalia lini. Wenzangu wanataja tu, ile ilianza nikiwa darasa la sita, ile nilianza nayo kipande cha kwanza kabisa. Ikafika zamu yangu nikakwama. Yaani nimewaza weee, nikagundua maisha yangu yote sijawahi kuanza tamthilia mwanzo. Zote nimezidaka katikati, mchana, kwenye marudio, wenzangu washaziona na washazisahau.

Alafu nikawaza zaidi nikaona hata wao wanajidai tu. Hebu fikiria, Zanzibar walikua na televisheni ya rangi tangu 1973, sisi bara tumekaa mpaka 1994 ndo vituo vya kwanza vikaanza, tena huko Dar, Tanga tunasubiri mabaki. Sasa miaka yote hiyo wenzetu duniani walikua wanaangalia nini? Knight Rider imeanza Marekani 1982 ikaisha 1986, The A-Team ikaanza 1983 ikaisha 1987, zimezaliwa zimekufa na bara hapa hakuna hata kituo kimoja. Kwahiyo zilipotufikia tukazipokea kama chapati ya moto kumbe ni kiporo cha miaka kumi. Mtaa mzima tulikua tunaangalia marudio na hakuna aliyetuambia.

Ila Tanga tulikua na ujanja wetu bwana. Mwenye TV alikua anasimamisha mlingoti juu ya bati, antena kichwani, akiigeuza upande wa visiwani anapata Zanzibar, akiigeuza kaskazini anaiwinda Mombasa. Jirani yetu mmoja alikua na TV ya chogo, kubwa, mlango wa mbao wa kufungia na kitambaa cha kufuma juu yake. Kuingia pale ilikua lazima uoshe miguu. Mama mwenye nyumba anasimama mlangoni anakukagua unyayo kama daktari, "we hujaosha kisigino, rudi bombani". Ukishapita unakaa kwenye mkeka, kwenye kochi wanakaa wenye nyumba. Kijana wao yuko juu ya bati anazungusha bomba, mwingine yuko dirishani anapokea ripoti. Chenga. Bado chenga. Rudisha kidogo. Hapo hapo! Aaah umepitiliza, rudi! Na akilipata lile bomba lazima alishikilie, akiliachia tu picha inaondoka, kwahiyo kuna watu Tanga hii wameshika antena miaka na hawajui mwisho wa kipindi hata kimoja.

Pale ndo nilipokutana na Knight Rider. Ile gari nyeusi, Pontiac Trans Am, taa nyekundu inatembea mbele kushoto kulia, inaongea na stelingi wake kwa adabu zote. Mi nikajua ndo gari mpya imetoka mwaka huo. Nikaenda shuleni nikatangaza kwamba Wamarekani sahivi wana gari inaongea, nikaapa kabisa. Nikachomoa rifleta ya nyuma ya baiskeli ya baba nikaifunga mbele kwa mpira wa ndani, nikala viboko viwili.

Likizo ile akaja mjomba, alikua anafanya kazi Mombasa, akija anavuka Horohoro na begi limejaa sabuni na biskuti. Nikamhadithia ile gari kwa mbwembwe zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavuta kahawa, akasema "Mwanangu, hiyo mi nimeiona kwenye mikanda tangu 87, hata mamako sijampeleka kwa babako". Mjomba huyu mpaka leo KBC, kituo cha taifa cha Kenya, anakiita VOK, jina lilibadilika 1989 yeye hajali. Nilichukia siku ile jamani. Sio kwa sababu ya gari, ni vile kitu changu nilichokiona mwenyewe kumbe kina wenyewe tangu zamani.

Sasa ubaya wa marudio, au utamu wake mi sijui, ni kwamba yanakuja shaghalabaghala. Kanda zilikua zinachanganywa, leo unaona ya mwaka wa tatu, kesho ya mwaka wa kwanza. Kwenye Knight Rider kuna fundi wa kike anayeihudumia ile gari, anaitwa Bonnie. Siku nyingine unakuta yuko mwingine, April. Kesho Bonnie karudi. Ukweli ni kwamba April alikuwepo msimu wa pili tu, Bonnie akarudi wa tatu, lakini mi ningejuaje? Nikajijibu wanapokezana zamu, mmoja mchana mmoja usiku, kama manesi. Na nilikua namjua nani yuko zamu kabla hajatokea, au nilikua najidanganya.

Kubwa kuliko yote nimekuja kulijua nishakua mtu mzima, jamaa kaniwekea vipande vyote kwenye flashi. Kile cha kwanza kabisa, ambacho sikuwahi kukiona, Michael Knight hakua Michael Knight! Alikua polisi anaitwa Michael Long, akapigwa risasi ya uso, tajiri mmoja akamtengenezea sura mpya na jina jipya na kazi mpya. Miaka yote ile nimempenda mtu bila kujua ile sura sio yake. Nilisimamisha laptop nikatoka nje kidogo. Na ile sauti ya gari, mwenyewe anaitwa William Daniels, aliomba jina lake lisiandikwe, ndo maana tulikua tunasoma majina yote mwisho pale hatumuoni.

Alafu kuna Fresh Prince, ile ya kuchekesha ya Will Smith. Hii tayari tulikua na TV yetu, ndogo, nyekundu, antena yake ilivunjika tukachomeka waya tukaufunga kwenye mfuniko wa sufuria. Marudio mchana, na bibi mzaa mama yuko nyumbani, anachambua mchele kwenye ungo. Bibi Kiingereza hajui hata salamu ila alikua anaielewa ile kitu kuliko mimi niliyekua nafundishwa Kiingereza shuleni. Anasoma nyuso. Yule baba mnene ndo mwenye nyumba, yule mrefu ni mpwa, kaletwa alelewe kwa ndugu wa mamake, si unaona anavyoringa. Yote sawa kabisa.

Sasa kwenye ile tamthilia mke wa yule mzee, Aunt Viv, alichezwa na watu wawili, misimu mitatu ya mwanzo Janet Hubert, mitatu ya mwisho Daphne Maxwell Reid, na hawafanani hata kidogo. Na marudio yenyewe ndo hayo ya kuchanganya. Jumatatu mama huyu, Jumatano mama yule. Mi nimechanganyikiwa, bibi hata hakushtuka. Akapepeta ungo wake akasema "Mzee ana wake wawili. Jumatatu ni ya mkubwa." Basi. Ikawa ndo hivyo nyumbani kwetu, ukitoka kuswali adhuhuri unauliza, bibi leo zamu ya nani, anakwambia leo bi mdogo. Alikua na upande wake pia, alimpenda bi mkubwa, bi mdogo akitokea anasema kapoa mno huyo, nyumba itamshinda. Kuna na yule mtoto, Nicky, msimu mmoja mchanga kwenye nepi, msimu unaofuata anaongea kama mtu mzima, bibi akataka kujua wanampa uji wa nini.

Nilipokuja kujua ukweli bibi alishatangulia, na nashukuru. Ile yake ilikua nzuri zaidi.

Baadaye nimesomasoma kuhusu haya marudio yalikoanzia, na kuna kitu kilinifurahisha. Zamani Marekani vipindi vingi vilikua vinarushwa mubashara, vikipita vimepita. I Love Lucy, iliyoanza 1951, wao wakarekodi kwenye filamu kama sinema, na mwenye kipindi, Lucille Ball, alipokua mjamzito wa kujifungua wakawa wanarudia vile vya nyuma, kumbe watu wanaangalia tena vizuri tu. Na Star Trek, ile ya safari za anga, ndo inanigusa zaidi, ilifutwa 1969 baada ya misimu mitatu, vipande 79, haina watazamaji wa kutosha, alafu vituo vya mitaani vikawa vinairudia rudia kila siku na huko ndo ikapata watu wake. Watoto wanaotoka shule jioni. Yaani waliiokoa watu kama sisi wa kwenye mkeka.

Isidingo, ile tamthilia ya Afrika Kusini, nisiiruke, manake nyumbani ilikua vita. Usiku, sisi wadogo tunafukuzwa kulala, mwisho wetu taarifa ya habari. Unalala unasikia tu ule wimbo chumba cha pili na mama anamlaani Barker Haines kwa jina la babake. Dada yangu yeye alishaota ukubwa, anaruhusiwa. Asubuhi anaamka na habari zote na anajua nasubiri marudio, basi anaanza, "unajua jana Cherel…" na ananyamaza hapo. Watoto wengine walikua wanalipa wahadithiwe, mi nilikua nalipa nisihadithiwe. Vyombo vyote vya jana, sufuria ya ugali iliyogandia ikiwemo, naosha mimi, ili yeye afunge mdomo mpaka mchana. Siku moja nimemaliza sufuria ya mwisho, nafuta mikono, kaniambia yote mlangoni kisha kakimbia. Hajaniomba msamaha mpaka leo, na ana watoto watatu.

Lakini niseme kitu, kuangalia usiku na wakubwa sikuwahi kupenda hata niliporuhusiwa. Usiku kuna kelele, kila mtu anatoa hukumu. Mchana nyumba imepoa, feni inalia, muuza samaki anapita nje, hakuna anayejali wewe unaangalia nini. Unaona vitu vya pembeni. Papa G wa Isidingo amevaaje, nani kakaa nyuma baa anacheka kabla hajaambiwa.

Mapema 2013 mitambo ya analojia Tanga ikazimwa, ikabidi king'amuzi, milingoti ikabaki juu ya mabati kunguru wanatua. Mama sahivi ana tamthilia yake ya Kituruki yenye sauti za Kiswahili, anaiangalia usiku na mchana anairudia. Mama si uliiona jana? "Jana nilisinzia." Hajasinzia, nilikuwepo. Wiki iliyopita nilikua nisafiri kurudi Dar, begi liko mlangoni, nikakaa dakika tano namuaga. Akanishika mkono, "Subiri, subiri, sasa hivi atamzaba kofi." Tukasubiri. Bwana akaingia, akavua koti, akaongea na mkewe kwa upole, akatoka. Kofi hakuna. Mama akaangalia kioo, akaniangalia, "Labda ni kesho". Basi la saa nane likaniacha.