Misuli ya ukuta wa tumbo: nilivyoishika kichwani

Picha za vitabuni zilinichosha mapema. Kila msuli una rangi yake, lakini ukifunga kitabu, rangi zinabaki humohumo. Nikaamua kujiuliza jambo moja tu kwa kila tabaka: nyuzi zake zinaelekea wapi?

Ubavuni yako matabaka 3. Msuli mshazari wa nje unatoka kwenye mbavu 8 za chini na kuteremka kuja mbele. Nikitia mikono mifukoni, vidole vinafuata njia hiyohiyo. Chini yake mshazari wa ndani unapanda kutoka nyonga kuja mbele, kinyume na mwenzake. Nilipojigeuza kushoto nilielewa kwa nini: wa nje wa kulia hushirikiana na wa ndani wa kushoto. Wa tatu umekingama, nao huubana mzigo wote wa tumbo. Huo niliupata kwa kukohoa huku nimebonyeza vidole kando ya mfupa wa nyonga.

Misuli minyoofu ya mbele ni rahisi: miwili, toka kinena hadi gegedu za mbavu ya 5 mpaka ya 7. Vile vigawanyo wanavyojivunia wanamazoezi ni kano zinazoikata kwa upana, na idadi yake mtu huzaliwa nayo. Mazoezi hunenepesha nyama iliyo kati yake tu.

Kilichonitesa ni ala ya misuli hiyo, yaani mfuko wa kano unaoizunguka. Nilichukua rula iwe msuli mnyoofu, na karatasi badala ya kano bapa za matabaka yale 3. Ile ya kati niliifanya mbili zilizogundishwa ukingoni. Juu ya kitovu, ya nje inapita mbele ya rula, ya ndani kabisa nyuma, na ya kati inapasuka, nusu huku nusu kule. Shuka hadi karibu nusu ya njia kati ya kitovu na kinena: zote zinahamia mbele! Nyuma ya msuli hubaki utando mwembamba tu na ngozi laini ya ndani ya tumbo. Nilikunja na kukunjua mpaka nikaweza kuichora bila kutazama.

Neva nilizimalizia haraka, kwa kuwa matabaka yalishakaa sawa. Zinapita kati ya mshazari wa ndani na ule uliokingama, na hapo ndipo watoa ganzi huingiza dawa, wakiongozwa na ultrasaundi, ili kutuliza maumivu ya mshono wa tumbo.