Mpini wa Solingen, wembe wa sokoni Mtwara

Kutoka Wuppertal ninapoishi hadi Solingen ni kama robo saa kwa treni, siku ambazo treni za Ujerumani zimeamka vizuri. Solingen ni mji wa makali. Tangu enzi za kati mafundi wake wanafua panga, visu, mikasi na nyembe, na jina lenyewe linalindwa kisheria tangu 1938: kisu ambacho hakikutengenezwa huko hakiruhusiwi kugongwa neno Solingen. Ndiyo maana wanaume wa upande huu wakianza kuzungumzia kunyoa ndevu, hawamalizi. Mpini wa chuma unaofungiwa wembe mmoja, brashi, sabuni ya bakuli, maji ya moto. Na hawakosi kumalizia kwamba kunyoa hivyo kunaokoa hela nyingi.

Mimi mtu wa Mtwara. Ukiniambia kitu kinaokoa hela, naweka chini nilichoshika na kusikiliza.

Nilikuwa pia na sababu yangu. Ni muuguzi, na wodini kuna siku tunashinda na barakoa za FFP2, zile nene za kuchuja hewa. Barakoa ile hushika vizuri kwenye ngozi tupu. Ndevu zikikaa katikati, hewa inapita pembeni na kinga inakuwa jina tu. Kwa hiyo siku za kazi nanyoa, nipende nisipende. Kwa mwenye ndevu za kipilipili kama zangu, kunyoa kila siku ni kuomba vipele. Vile vinyoleo vyenye makali matatu, manne, matano vinafanya kazi kwa kuvuta: kali la kwanza linaunyanyua unywele, linalofuata linaukata, na unywele ukirudi unazama chini ya ngozi. Unywele ulionyooka hutoka ulipoingilia bila shida. Wetu umejikunja, ukianza kuota unachoma ngozi kwa ndani, na shingo inakuwa kama imemwagiwa mchanga. Wembe mmoja unaikata ndevu usawa wa ngozi na kuiacha hapo. Ukifuata mlalo wa nywele, usivute ngozi na usikandamize, vipele vinapungua. Vyangu vilipungua sana, na hilo nalisema mapema ili lisichanganywe na habari ya hela.

Sasa hela. Hesabu ni ya makadirio, lakini si ya kubahatisha. Kichwa kimoja cha kinyoleo chenye makali matano hapa ni kama yuro 3. Kwa ndevu ngumu, ukinyoa mara 8 kimekwisha. Mtu anayenyoa siku za kazi tu ananyoa kama mara 260 kwa mwaka, yaani vichwa 32 au 33, yaani karibu yuro 100. Wembe wa kawaida, ule mwembamba wenye makali pande mbili, ukinunua pakiti kubwa unapata mmoja kwa senti 15 hivi. Mpe kunyoa mara 4 kisha utupe. Kwa mwaka ni nyembe 65, yuro 10 hazifiki. Hapo katikati kuna yuro 90, karibu shilingi 270,000 za kwetu. Mpini mzuri wa Solingen, mathalani wa chapa ya Merkur, ni kama yuro 40, na brashi ya nyuzi za plastiki yuro 15. Kabla mwaka haujaisha vimejilipa, na mpini ule ni chuma, utaurithisha.

Kwa hesabu hiyo Wajerumani wangu wameshinda. Tatizo ni kwamba wamechagua mpinzani aliye dhaifu. Wanajilinganisha na kinyoleo cha bei ghali kuliko vyote dukani. Rafu ya chini yake kuna vile vya plastiki vyenye makali mawili, vya kutumia na kutupa, 10 kwa yuro moja na nusu. Ukikitumia kimoja mara 3, mwaka mzima utakugharimu yuro 13 tu, bila mpini, bila brashi, bila kumsikiliza mtu. Tofauti na wembe ni yuro 3, bei ya mkate. Na anayekubali kubaki na vishina vifupi, mashine ya umeme moja humtosha kwa miaka, na vipele humpungukia. Kwa hiyo jibu langu kwa anayeuliza kama inaokoa hela ni kumuuliza kwanza: jana ulinyolea nini?

Wembe wa kawaida ni rahisi kwa sababu hauna mwenyewe. King Camp Gillette alianza kuuza mpini wake Marekani mwaka 1903 na hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige, akaipata 1904. Watu hupenda kusimulia kwamba alikuwa anaugawa mpini bure ili ale kwenye nyembe. Si kweli kwa miaka ile ya mwanzo: aliuuza dola 5, na dola 5 za wakati ule zilikuwa fedha nzito. Bei ilishuka hataza zilipokwisha mwaka 1921 na washindani wakaingia. Baadaye umbo la wembe likawa la wote, na viwanda vya nchi mbalimbali vinautengeneza kwa vipimo vilevile, matundu yaleyale katikati. Kampuni zikabaki na wembe wa senti kadhaa usioweza kumfunga mteja. Dawa yao ikawa kichwa cha plastiki kinachoingia kwenye mpini wa kampuni moja tu: makali mawili mwaka 1971, matatu 1998, matano 2006. Ukinunua mpini wao, umeshaoa. Wembe uliofungwa kwenye karatasi sokoni Mtwara, kwa upande mwingine, unaingia kwenye mpini wa Solingen bila ugomvi wowote. Hilo mimi ndilo lililonishawishi kuliko habari zote za akiba.

Akiba yenyewe mara nyingi huliwa na mapenzi. Kuna mzee mmoja kazini, anakaribia kustaafu, ndiye aliyenifundisha kushika mpini. Nyumbani kwake ana mipini ya kunyolea kikosi kizima cha jeshi. Ana brashi za manyoya ya wanyama nisiowajua kwa Kiswahili, na sabuni za harufu ya mti wa msandali, ya tumbaku, ya ngozi ya viatu. Kila mwezi anapata sababu ya kununua nyingine, na kila mwezi ananiambia hela anazookoa. Mke wake akiwepo, huwa anatazama dirishani.

Kichekesho zaidi ni shabu. Kwetu ni bonge la mia tatu, mia tano, la kutakasia maji na kukatia damu ukijikata. Hapa limechongwa likawa kama kipande cha sabuni, likapigwa msasa, likawekwa kwenye kijisanduku, na bei yake ni ya chakula cha mchana. Nililishika dukani nikalirudisha taratibu.

Haya yote yasingeandikwa kama mpwa wangu wa Chikongola, kulekule Mtwara, asingeniletea ujumbe: "Shikamoo mjomba. Nimeona ile mashine ya chuma ya kunyolea mtandaoni, ukija niletee, nibane matumizi." Kwetu Wamakonde mpwa akimwomba mjomba haombi, anadai kilicho chake. Hata hivyo nilimuuliza anatumia kiasi gani kunyoa ndevu. Kila wiki buku kwa kinyozi, akasema. Kwa mwaka ni kama shilingi 52,000. Mpini wa yuro 40 ni kama shilingi 120,000. Maana yake angekaa zaidi ya miaka miwili bila kukanyaga kwa kinyozi ndipo aanze kuona faida, na bado hajanunua sabuni.

Na kwa kinyozi hanyolewi tu. Anachongwa pembe za ndevu, jambo ambalo wewe na kioo chako hamtaliweza. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, kwenye kile kibenchi ndipo unapopata bei ya mnada kabla haijafika redioni, nani kalipwa, nani bado, na nani kalipwa akapotelea Masasi. Mimi hapa Wuppertal nanyoa bafuni peke yangu saa kumi na moja alfajiri. Hiyo gharama sijaiingiza kwenye hesabu.

Kitu kimoja nilimkazia. Kinyozi akivunja wembe katikati na kuweka nusu kwenye kisu chake, nusu ile ni ya mtu mmoja. Wembe mzima sokoni ni mia moja au mia mbili, kwa hiyo nusu haifiki hata robo ya buku analolipwa. Akiufuta kwa spiriti na kumgeukia mwingine, nyanyuka. Homa ya ini ya aina ya B na virusi vya Ukimwi huambukiza kwa damu, na damu ya kwenye wembe si lazima uione. Kama anaona haya kumwambia kinyozi, aende na wembe wake mfukoni.

Basi tumefikia hapa. Mpya simnunulii. Nitamletea ule mpini wangu wa kwanza Desemba, ninao mwingine (ndiyo, najua, mzee wa kazini amenicheka). Nitauweka mtupu kwenye begi la kupakia chini, maana nyembe hazipandi kabini na sitaki kubishana na mtu uwanja wa ndege. Nyembe atanunua hukohuko. Sabuni atumie yoyote inayotoa povu, na akimaliza ajipake mafuta ya nazi kidogo.

Jibu lake limefika jana: "Ahsante sana mjomba, Mungu akubariki. Na ile brashi?"