Kabla Hujanunua Pikipiki Iliyotumika, Uliza Imefanya Kazi Gani

Pikipiki nyingi ndogo zinazouzwa kwa mtu binafsi hapa Morogoro zimetoka kwenye bodaboda, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo anayetafuta usafiri wake wa kila siku anapaswa kulijua kabla hajaanza kulinganisha bei na rangi. Mwenye mali humpa kijana pikipiki mpya kwa mkataba, kijana hupeleka hesabu kila siku au kila wiki kwa mwaka mmoja na kitu, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Wapo wanaoendelea nayo, lakini wengi huiosha, huipaka rangi pale palipochubuka, hununua kava jipya la kiti na kuipeleka kwa dalali ili wapate cha kuanzia nyingine. Hakuna ubaya katika hilo, kwa kuwa kijana ameitolea jasho na ana haki ya kuiuza. Tatizo ni la mnunuzi anayetazama mwaka wa usajili akadhani ndio umri wa chombo.

Tuseme bodaboda anatembea kilomita 120 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 36,000. Mimi naishi Mkundi na kazi yangu iko mjini, kwa hiyo nikijumlisha na mizunguko ya sokoni natembea kama kilomita 25 kwa siku, ambazo kwa siku hizo hizo 300 ni kilomita 7,500. Mwaka mmoja wa kijiweni ni karibu miaka mitano yangu, na hapo sijahesabu abiria wawili nyuma, magunia ya mkaa na kuwaka na kuzimwa mara hamsini kwa siku. Ndiyo maana pikipiki ya miaka sita iliyokuwa ikimpeleka mtumishi kazini na kumrudisha inaweza kuwa changa kuliko ya miaka miwili iliyolala Msamvu ikisubiri abiria wa mabasi ya usiku.

Somo hili nililipia. Pikipiki yangu ya kwanza, yenye ujazo wa cc 150, niliinunua kwa sababu ilikuwa inang'aa na mita ilisoma kilomita 18,000. Sikuinama kutazama gurudumu la mbele, ambako waya wa mita ulikuwa umechomolewa na kufungwa kwa kipande cha mpira. Miezi minne baadaye, nikitoka mashine na gunia la unga nyuma, nilisikia kiti kinazama upande mmoja. Fundi alipokifungua alikuta fremu imechomelewa pande zote mbili chini ya keria, na juu ya uchomeleaji huo imepakwa rangi nyeusi nzito, ileile iliyokuwa imenivutia. Kadi nayo ilikuwa na jina la mtu ambaye aliyeniuzia hakuwahi kuonana naye, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mnunuzi wa tatu. Sikuweza kubadilisha umiliki hadi siku niliyoiuza kwa bei ya spea.

Kwa hiyo nilipotafuta ya pili nilianza na swali la matumizi. Kwa mtu mmoja anayekwenda kazini kwenye barabara ya lami na vumbi kidogo, cc 100 inatosha, na inakula petroli kidogo kuliko zote. Cc 125 ndiyo ninayowashauri watu wengi wa mji huu, kwa sababu ukitaka kupanda kuelekea milima ya Uluguru na mtu nyuma, ile ya 100 italazimika kwenda gia ya pili njia nzima, na injini inayolia muda wote haidumu. Cc 150, kama Boxer BM150 ambayo ujazo wake halisi ni cc 144.8, ni chombo imara kabisa, lakini ndiyo inayotafutwa zaidi na bodaboda, hivyo bei yake haishuki haraka, na iliyotumika unayoikuta sokoni kwa kawaida imeshafanya kazi kubwa. Ukiipata iliyokuwa ya mtu binafsi, ichukue. Nje ya hapo, nguvu hizo za ziada utazilipia bila kuzitumia.

Kuhusu aina, msimamo wangu ni kwamba chagua ile ambayo fundi wa mtaani kwako anaifungua akiwa amefumba macho, na spea zake ziko katika duka unaloweza kulifikia kwa miguu. Kwa hapa kwetu hizo ni Boxer na TVS kutoka India, kisha zile za Kichina ambazo nyingi zinafuata muundo wa Honda CG125. Muundo huo una historia ninayoipenda. Honda waliutoa katika miaka ya 1970 wakizilenga nchi ambazo pikipiki hufanya kazi ngumu na hupata matunzo haba, na badala ya cheni ya ndani inayozungusha kemshafti, yaani shafti inayofungua valvu, juu kwenye silinda hedi, waliiweka kemshafti chini na kutumia fimbo ndefu zinazosukuma valvu. Hakuna cheni ya kulegea huko ndani. Injini ya namna hiyo ina kelele zaidi na haipendi kukimbizwa, lakini huvumilia oili iliyochelewa kubadilishwa. Boxer na TVS zinatumia hiyo cheni ya ndani, inayoitwa cheni ya taimingi, zinakwenda laini zaidi, na zinadai umwage oili kwa wakati. Kujua tofauti hii kunakusaidia unaposikiliza injini, kwa sababu mlio wa kawaida kwa moja ni ugonjwa kwa nyingine.

Ya pili niliipata kwa mama mmoja, muuguzi mstaafu, kupitia jirani na bila dalali. Ilikuwa TVS ya cc 125. Nilimwomba jambo moja tu kwa simu: asiiwashe asubuhi hiyo mpaka nifike. Muuzaji anayekupokea injini ikiwa ya moto huenda hana nia mbaya, ila amekunyima taarifa muhimu kuliko zote, yaani namna inavyowaka ikiwa baridi. Nilifika saa moja na nusu, nikamwamkia, nikaweka kiganja kwenye silinda, na ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Shika tu, mwanangu," alisema. "Hiyo ilikuwa inanipeleka zahanati na kunirudisha. Mkaa haijabeba hata siku moja."

Kabla ya kuwasha, niliacha swichi imefungwa nikashusha kiki kwa mkono, taratibu. Kiki inapaswa kukataa mahali fulani, kama mtu anayesukuma mlango kutoka ndani, kisha iachie. Ikishuka yote bila upinzani, kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, imekwisha, na hapo unazungumzia ringi, pistoni au valvu. Hii ya mama ilikataa vizuri. Nilipofungua kifuniko cha pembeni kutazama betri, nikakuta upande wake wa ndani umebandikwa vipande vya plasta nyeupe ya hospitali, vimeandikwa kwa kalamu ya wino tarehe za kumwaga oili na usomaji wa mita, kimoja chini ya kingine, tangu pikipiki ikiwa mpya. Kulikuwa na vipande 14. Mita ilisoma kilomita 27,000 na ushei, na vipande vile viliiunga mkono hatua kwa hatua, takriban kila kilomita 2,000. Hata hivyo sikuacha kukagua, kwa sababu mtu mwaminifu anaweza kuwa na pikipiki yenye tatizo asilolijua.

Iliwaka kiki ya pili. Nilikwenda nyuma kutazama moshi, na hapa inafaa kuwa makini. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni unyevu tu, nao hupotea. Moshi mweusi ni kabureta inayotoa petroli nyingi, jambo ambalo mara nyingi hurekebishika bila gharama kubwa. Moshi wa bluu ndio wa kuogopa: ukitoka mfululizo unapoongeza mafuta, ringi zimechoka na injini inakula oili, ukitoka kama pumzi moja pale unapoachia mafuta kwa muda kisha ukaongeza tena, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni sili za valvu. Iache ingurume dakika kumi ipate moto, kisha uirudie ile hatua, maana kuna moshi unaojificha mpaka oili iwe nyepesi.

Nilichomoa kijiti cha oili nikapaka tone kwenye karatasi nyeupe na kuliinamisha juani. Weusi peke yake si kosa, kwa kuwa oili iliyofanya kazi huwa nyeusi. Nilichokuwa nikitafuta ni chembe zinazometameta, kwa maana oili hiyo moja ndiyo inayolainisha injini, giaboksi na klachi kwa pamoja, na chuma kikisagika popote kitaonekana humo. Kwa sababu hiyo hiyo, muulize muuzaji anatumia oili gani. Ya pikipiki huandikwa JASO MA kwenye kopo. Ya gari inaweza kuwa na viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inayoogelea ndani yake huanza kuteleza.

Sehemu za nje zinasema kweli kuliko mita. Tazama mpira wa kukanyagia, pedali ya breki na pedali ya gia: mita ikisoma kilomita 15,000 huku chuma cha pedali kimelika hadi kung'aa, amini chuma. Ivute cheni kwa nyuma, mahali inapozunguka sproketi kubwa. Ukiona nusu ya jino imejitokeza, imekwisha, na kama meno yenyewe yamechongoka na kuinama upande mmoja, utanunua seti nzima. Kwenye ukuta wa tairi kuna tarakimu nne ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la namna hiyo hata likiwa na kashata nzuri limeshakauka. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia ili kujua bushi zake, kisha mtu mwingine ainyanyue mbele uuzungushe usukani polepole; ukikwama kidogo katikati kama unaingia kwenye kishimo, beringi za shingo zimeliwa.

Fremu ndiyo niliyoikagua kwa hofu, kwa sababu ninazozijua. Toa kiti, pitisha kidole chini ya keria na kwenye kona zote za bomba, na popote kidole kinapokuta uvimbe au rangi nzito kuliko jirani yake, uliza. Kisha iendeshe polepole, moja kwa moja, mahali penye mchanga laini wenye unyevu, urudi utazame alama. Tairi la nyuma linapaswa kupita juu ya njia ya tairi la mbele. Alama zikiwa mbili sambamba, aidha gurudumu limefungwa vibaya, ambalo ni jambo la spana, au pikipiki imewahi kugongwa na kupinda, ambalo si la spana.

Karatasi hazina utamu wa kusimulia, lakini ndizo zilizonitesa mara ya kwanza. Jina la kwenye kadi na la kwenye kitambulisho cha Taifa cha anayekuuzia viwe kimoja, na kama sivyo, mwenye kadi aje mwenyewe. Linganisha namba ya injini na ya chasisi na zilizoko kwenye kadi kwa macho yako, ukitazama kama pana dalili za tupa au herufi zilizogongwa upya. Ingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa faini za barabarani ili ujue madeni yake, na uihakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Kama ilinunuliwa kwa mkopo, usikabidhi fedha kabla hujaiona kadi halisi, kwa kuwa mkopeshaji anaweza kuwa bado anaishikilia. Mimi na yule mama tuliandikishana mauziano mbele ya wakili, kila mmoja akiwa na TIN yake, na tukaanza taratibu za TRA za kubadilisha umiliki siku hiyo hiyo. Mstaafu yule alikaa nami kwenye foleni mpaka mwisho, ingawa nilimwambia angeweza kutangulia.

Kasoro zilikuwepo. Cheni na sproketi zilikuwa zimechoka, viatu vya breki ya nyuma vilibaki vyembamba, na tairi la mbele lilikuwa limepasuka-pasuka ukutani. Nilimwonyesha kimoja kimoja, nikamtajia bei za dukani, naye akapunguza kiasi hicho bila ubishi. Ndiyo aina pekee ya kuomba kupunguziwa ninayoiona kuwa ya haki, kwa kuwa unampa muuzaji hesabu anayoweza kwenda kuithibitisha. Vitu hivyo vitatu nilivibadilisha wiki ile ile, nikaongeza kebo mpya ya klachi na kofia ngumu nzuri, ambayo niliitengea fedha tangu mwanzo ili isije ikakatwa na bei ya pikipiki. Sasa mita inasoma kilomita 41,000, injini haijafunguliwa, lita moja inanipeleka takriban kilomita 50, na ndani ya kile kifuniko cha pembeni, chini ya vipande 14 vya yule mama, nimeshabandika saba vya kwangu.