Jarida moja, majina manne: namna ya kulisaka ukiwa Iringa

Kamwene. Wanafunzi wa Kiswahili wa Chuo cha Mkwawa, na wenzenu wa Mbeya, wengi mnakwama palepale: mmekuta makala ya jarida linaloitwa leo Kiswahili imetajwa kwenye tasnifu ya zamani, mnaandika "Kiswahili" kwenye katalogi, hakitoki kitu. Makala ipo. Mmeitafuta kwa jina ambalo halikuwa lake.

Jarida hili ni mtoto wa kamati ya kusanifisha Kiswahili iliyoanza kazi Januari 1930, Dar es Salaam. Kamati ilihamia Nairobi 1942, Makerere 1952, Mombasa 1962, kisha ikarudi Dar es Salaam na kuingizwa chuo kikuu 1964. Jarida nalo likawa linabadili jina: kwanza Bulletin, miaka ya 1950 Journal of the East African Swahili Committee, miaka ya 1960 Swahili. Jina "Kiswahili" limeanza na juzuu ya 40, mwaka 1970, enzi ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (leo TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili). Bahati nzuri, hesabu ya juzuu haikuanza upya. Kwa hiyo shika namba ya juzuu na mwaka. Jina lifuate mwaka.

Penye hazina kubwa, na usumbufu mkubwa, ni nyongeza. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ulitoka 1957 kama nyongeza ya juzuu ya 27. Maisha ya Tippu Tip yaligawanywa: 28/2 (yaani juzuu ya 28, toleo la 2), Julai 1958, na 29/1, Januari 1959. Nyongeza ni kijitabu kinachojitegemea, kwa hiyo maktaba nyingine hukiweka kama kitabu. Ukifungua juzuu ukakikosa, usiseme kimepotea. Tafuta kwa jina la mtunzi, halafu kwa jina la W. H. Whiteley aliyevitafsiri vyote viwili kwa Kiingereza. Utenzi ule hasa msiuache, ninyi wa huku. Vita hivyo vilifika Njombe: Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi mwaka 1905.

Kwenye marejeo andika jina lililokuwa kwenye jalada mwaka huo. Makala ya 1958 ukiiandikia "Kiswahili", msomaji wako atakwama kama ulivyokwama. Na usiishie kwenye juzuu: 28/2 si 28/1. Ukiomba nakala kutoka Dar es Salaam bila namba ya toleo, unaweza kuletewa kurasa za toleo jingine kabisa.