Namna nilivyoandikisha wanafunzi bila kuwaficha wazazi gharama

Kazi yangu katika taasisi moja ya elimu ya juu ya binafsi hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikuwa kupokea vijana waliomaliza sekondari pamoja na wazazi wao, kuwaeleza masomo yaliyopo na kuwaandikisha. Taasisi iliishi kwa karo peke yake, na sisi wapokeaji tuliongezewa malipo kwa kila aliyejiandikisha. Kwa hiyo nilitafuta njia ya kuifanya kazi hiyo bila kumpeleka mtoto wa mtu mahali pasipomfaa.

Msimu wetu ulianza mara tu matokeo ya mtihani wa Serikali yalipotangazwa, vijana wakiwa bado na poda ya shangwe nyweleni. Kwanza niliuliza fani ya sekondari na asilimia iliyopatikana, kwa sababu aliyesomea ualimu akitaka uhandisi atakutana na hesabu ambazo hakuwahi kufundishwa, na ni afadhali alijue hilo kabla hajalipa.

Lililohitaji maelezo marefu ni lisansi, yaani shahada ya chuo kikuu. Wazazi wengi walikuwa wamezoea mfumo wa zamani, wa gradua, yaani ngazi ya kwanza, ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2 juu yake, na waliposikia kwamba kwetu lisansi inamalizika kwa miaka 3 walidhani ni faida ya taasisi yetu pekee. Mkuu wetu alipenda wabaki na dhana hiyo. Mimi niliwaeleza kwamba huo ni mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), ambao nchi iliueneza katika vyuo kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022, wenye lisansi ya krediti 180 na masta ya krediti 120 kwa miaka 2 zaidi, na kwamba hata pale Kasapa, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, mfumo ni huo huo.

Kuhusu fedha, tangazo letu lilitaja awamu ya kwanza tu ya minervali, yaani karo ya mwaka. Nilichukua karatasi, nikaandika mbele ya mzazi kila kitakachodaiwa: uandikishaji, awamu zote, silabusi (maandishi ya masomo yanayouzwa kwa wanafunzi), mafunzo ya kazini na, katika mwaka wa mwisho, gharama za kutetea kazi ya utafiti, kisha nikamwomba akaijadili nyumbani. Mama mmoja wa Kenya, komuni ya hapa hapa Lubumbashi, aliisoma taratibu, akaniambia, "Baba, mwaka wa kwanza nitauweza, wa pili sitauweza." Nilimshauri binti yake aombe kwanza nafasi katika chuo cha Serikali.

Nilikataa pia kuandikisha watu katika fani ambayo haikutajwa kwenye amri ya waziri iliyoturuhusu kufundisha, kwa kuwa diploma yake ingemletea mhitimu matatizo wakati wa kutafuta kazi.

Mkuu alipohoji uchache wa majina yangu, nilimwomba aangalie orodha ya waliolipa awamu ya pili. Wengi wa wale niliowaandikisha walikuwa bado darasani. Mwaka uliofuata karatasi ile ya gharama ilichapishwa kwa ajili ya wapokeaji wote.