Nilivyomfundisha binti yangu nomino za Kiingereza bila kukariri orodha

Mwalimu wa tuisheni alikuwa na dawa moja tu: orodha. Huku nomino, kule vitenzi, pale vivumishi, kariri. Likizo nzima nalipia mtoto akaririshwe orodha. Mimi ni fundi cherehani, Kiingereza changu cha kuombea maji, lakini hata mimi niliona hapa tumepigwa.

Orodha ilianza kuvunjika kwenye neno "water". Daftarini liliwekwa kwenye nomino. Likaja zoezi, "Please water the flowers", binti akaandika nomino, akapigwa kosa. Akalihamishia kwenye vitenzi. Zoezi lililofuata: "The water is cold." Kosa tena! "Mama, sasa hili neno lina kwao kweli?" Halafu likaja "round", mzururaji kuliko wote: "a round table" ni kivumishi, "the final round" ni nomino, "walk round the house" ni kihusishi, "round the corner slowly" ni kitenzi. Tulifuta daftari mpaka likatoboka.

Kiswahili kimetudekeza. Kitabu kile kimeanguka: ki- zote hizo zinakupigia kelele kwamba mwenye nyumba ni nomino. Kiingereza hakina ngeli, na neno mara nyingi halibadilishi hata sura. Linabadilisha kiti tu, yaani nafasi yake kwenye sentensi. Basi nikaamua tuache kuchungulia neno, tuchungulie kiti.

Nikachukua karatasi yangu ya pateni, nikaandika "The ... is here", na pale katikati nikakata tundu kwa wembe. Karatasi ya pili: "They can ...". Ya tatu: "It is very ...". Maneno nikayaandika kwenye vipande, binti akawa anayapitisha nyuma ya tundu. Linalokaa vizuri la kwanza ni nomino, la pili kitenzi, la tatu kivumishi. "Water" likakaa la kwanza na la pili, na safari hii hakuna aliyelia. "Beautifully" likakataliwa kote, ikabidi nikate "She sings ..." kwa ajili ya vielezi. (Neno likiwa la wingi, badilisha "is" iwe "are", msije mkagombana bure.)

Sasa utamu wenyewe. Nilitaka kujua kama ameelewa au anakisia kwa maana, nikamtungia sentensi yenye maneno manne niliyoyabuni mwenyewe: "The gopes zimmed a very plock tund." Akaitazama, akacheka, halafu akaanza: "gopes" nomino, ina "the" mbele na -s nyuma, "zimmed" kitenzi, imeshatendeka, "plock" kivumishi, inatanguliwa na "very", "tund" nomino. Zote! Baba yake akaacha taarifa ya habari akauliza gopes ni mnyama gani. Nikamwambia sijui, ila tayari wameshazimm.

Nomino za kawaida na za pekee nazo zina ushauri wao mbovu. Kuna aliyetuambia yenye "the" ni ya kawaida. Na "the Nile" je? Na "the Indian Ocean"? Herufi kubwa inasaidia zaidi, lakini "I" ni kubwa siku zote na ni kiwakilishi, na neno lolote likianza sentensi linavaa kubwa. Sisi tunauliza hivi: ni jina la aina nzima au la mmoja wao? "River" ni mto wowote, "Nile" ni ule mmoja. "Mountain", "Kilimanjaro". Ila "Monday" na "March" Kiingereza kinayahesabu ya pekee, hapo usibishane.

Na yule anayesema kila chenye -ly ni kielezi, muulize "friendly" na "ugly", ambavyo ni vivumishi. Akibaki na ubishi, mpe "family".

Kinachotutoa jasho bado ni "that". Hilo halikai kwenye matundu yetu matatu ya kwanza, na lina kazi zaidi ya moja, kwa hiyo tunafungua kamusi, tunasoma zile pron (kiwakilishi) na conj (kiunganishi) pembeni ya neno, kisha tunabishana upya.