Nyusi za Kisogoni

Leo asubuhi nimepunguza nyusi zangu kwa mkasi wa kucha, mara ya tatu mwezi huu. Binti yangu alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, akaniangalia weee, kisha akauliza: "Mama, si ulizilipia hizo? Mbona unazikata?"

Nazikata kwa sababu hazijui kwamba zimehama. Miezi minane iliyopita zilikuwa nywele za kisogoni kwangu, kabla hazijapandikizwa kuwa nyusi, na huku usoni zimekuja na tabia zao zote. Unyusi wa kuzaliwa nao hukua miezi michache tu, ukatosheka, ukadondoka, ukaota mwingine. Unywele wa kichwani hauna habari hizo, unakwenda miaka. Na zangu ni kipilipili, kwa hiyo nikizisahau siku kumi zinaanza kujikunja kama zinangoja kusukwa.

Nilianza kutinda nikiwa kidato cha tatu, bwenini, kwa wembe. Wembe siulaumu sana, maana hukata juu na mzizi ukabaki salama. Balaa lilikuja nilipopata kikoleo. Mtindo wa wakati ule ulikuwa nyusi nyembamba kama uzi, na mimi nilikuwa na subira ya ajabu: unachipua, nang'oa; unachipua, nang'oa. Kinyweleo kinavumilia miaka, halafu siku moja hakirudi. Mama alinikumbusha hadithi ya Mtume kuhusu wanaonyofoa nyusi, nikamwambia mama, hayo ya zamani. Nilipofika miaka 30 nilibaki na mabaka mawili madogo ya nyusi karibu na pua. Kutoka hapo hadi kwenye panja ni wanja.

Asiyewahi kuishi kwa wanja hajui shughuli yake. Ukitia udhu umeondoka, uuchore upya. Ukisujudu, msala unabaki na alama. Kwenye daladala mchana, jasho la paji la uso halina tena kizuizi, linateremka moja kwa moja machoni pamoja na rangi, unafika kazini kama umetoka msibani.

Daktari wa ngozi niliyemwendea hakutaka hata kusikia habari ya kupandikiza siku ya kwanza. Alitaka damu ipimwe tezi ya shingo, maana tezi ikizembea, sehemu ya nje ya nyusi hupukutika. Kisha aliniambia nifumbe macho, akanigusagusa mashavuni na mikononi kwa pamba: "Sema ukisikia." Nilikuwa nimeshafika kituo cha basi ndipo nikaelewa. Alikuwa anatafuta ukoma. Nilikasirika kweli, mimi! Lakini nyusi kutoweka ni dalili yake ya tangu zamani, na ugonjwa wenyewe bado upo Tanzania. Alifanya kazi yake.

Baadaye nikasoma kwamba huko Japani, mwaka 1939, daktari Shoji Okuda aliandika jinsi alivyohamisha vipande vidogo vya ngozi yenye nywele kwa watu wenye makovu, wengine wakapata nyusi. Nilijisikia vibaya kidogo. Wale walikuwa na majeraha. Mimi nilikuwa na kikoleo.

Upasuaji niliufanyia Nairobi. Bei sitaitaja, mume wangu husoma humu. Kwanza niliulizwa kama masikio yangu yalivimba nilipotoboa, kwa sababu ngozi inayofura makovu si ya kuchezewa. Ganzi ndiyo iliyouma. Baada ya hapo ni kulala tu na kusikiliza redio. Walitoa vinyweleo 480 kutoka kisogoni, kimoja kimoja. Daktari alikwenda taratibu kwa sababu nywele zetu hujipinda hata chini ya ngozi, kama ndoano, na ukichimba wima unakata mzizi. Kuzipanda nako kuna ufundi: karibu na pua zinaelekea juu, kisha zinalala kuelekea panja, na zote ziwe bapa, karibu zishikane na ngozi. Ukizisimamisha unapata brashi.

Siku ya tatu macho yalivimba nikawa siwezi kufungua vizuri. Wiki ya tatu zote zikaanza kudondoka. Nilikuwa nimeambiwa: zitaanguka, mizizi itabaki, subiri. Kuambiwa si kuona. Nilizikuta kwenye foronya, fupi fupi, nikakaa kitandani nikalia kama mtoto. Miezi mitatu nikarudi kwenye wanja. Mwezi wa nne nikapitisha kidole nikahisi kitu kinakwaruza.

Sasa zipo. Ule wa kushoto umekaa juu kidogo kuliko wa kulia, lakini anayeliona hilo ni mimi na kioo.

Jumamosi mama alikuja kunisuka. Nilikaa chini kwenye mkeka, kichwa kikiwa katikati ya magoti yake, kama zamani. Alipofika kisogoni vidole vyake vikasimama, vikaanza kupapasa. Ngozi pale ina vidoti vidogo ambavyo huvioni mpaka ugawe nywele.

"Walizitoa hapa?"

"Hapo hapo, mama."

"Ngapi?"

"Mia nne na themanini."

Alinyamaza kidogo. Kisha akavuta mafuta, akapaka pale, akaendelea kusuka.